Mswada wa Njia ya Mtoni

Kendi mwanangu,

Hali yako siwezi kukuuliza, maana nakusikia hapo chumba cha pili ukigombana na zipu ya sanduku, na kwa sauti yako naona zipu inashinda. Ningeinuka nije nikalie hilo sanduku kama tulivyofanya ulipoenda chuo. Lakini nikiingia humo tutaanza kucheka, kisha tutaanza kulia, na haya ninayotaka kukwambia yatabaki kooni. Kwa hiyo nimejifungia jikoni na karatasi. Utayasoma ukishafika Nairobi na ukishakunywa chai.

Mambo ya gesi, ya kufunga mlango na ya kula mboga sitayagusa. Shangazi yako anakungoja na hotuba nzima, usimnyime raha yake. Mimi nataka kuzungumza juu ya lile ulilosema mezani leo. Baba yako alikuwa anakuongezea mukimo, nawe ukasema, hivi hivi tu kama mtu anayetaja mvua, kwamba umepangwa uwe karani kwenye Kamati ya Ardhi ya Bunge, na kwamba mswada utakaoukuta umefika hapo ni ule wa njia za mtoni, ambao mbunge wetu wa sasa ameuleta upya. Halafu ukanishika bega. "Mum, usijali. Hiyo mswada nitaisukuma mimi mwenyewe. Safari hii hailali." Baba yako akapiga meza kwa furaha. Mimi nikasema naenda kuangalia maziwa, na ulijua hakukuwa na maziwa jikoni.

Nisamehe kwa kuondoka vile. Si kwamba sikufurahi. Niliogopa, Kendi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako, ile sauti ya zamani, na ninajua ilikotupeleka.

Wewe unaijua hadithi hii nusu. Ulikuwa mdogo, umevaa sare ya chekechea, na kila mtu hapa Kanyakine alikuita "mtoto wa Mheshimiwa" ukadhani ndilo jina lako. Nusu unayoijua ni hii: mama yako alikuwa mwalimu, akagombea ubunge akashinda, akapeleka Bungeni mswada wa kuwasaidia akina mama, na kamati ikauua. Umeisikia kwangu mara nyingi. Nilikuwa na usemi wangu, "kamati ni makaburi ya miswada," na wageni walipoucheka nikazidi kuurudia. Sasa mwanangu anaenda kufanya kazi makaburini, na anadhani kazi yake ni kufufua. Kosa ni langu, maana hivyo sivyo mswada ule ulivyokufa.

Unajua jinsi mashamba yetu yalivyo. Yaligawanywa kwa vipande virefu vinavyoshuka mteremko hadi mtoni, kila boma na kipande chake, na zile njia za miguu za zamani zikajikuta ndani ya shamba la mtu. Mwanzoni hakuna aliyejali. Kisha watu wakaanza kufunga, huyu kwa waya, yule kwa mti ulioangushwa, na kwetu mzee M'Rukunga akapanda ua wa kaiyaba, ile ya miiba mirefu, ukaziba njia kutoka juu hadi chini. Na wakati wa kiangazi, mifereji ikikauka, maji ni mtoni tu. Akina mama wakawa wanazunguka kwenye daraja na mitungi mgongoni, kwenda na kurudi, na jua linachoma. Karimi alikuwa mmoja wao. Unamjua kama yule mama wa fimbo asiyetusalimu kanisani. Lakini Karimi alikuwa rafiki yangu kabla sijamjua baba yako. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubeba ulipotoka hospitalini. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuniombea kura, akiwaambia watu, "Mpeni Mama Kendi, huyu ameshawahi kubeba mtungi."

Nikapewa. Na sikuwa mvivu, hilo nilisemee. Niliandika wazo, nikalipeleka kwa Spika, nikakaa na wanasheria wa Bunge mpaka wakanichoka. Mswada ulisema njia ya miguu iendayo kwenye maji, iliyotumiwa tangu zamani, isifungwe na mtu yeyote hata kama inapita kwake. Ulipochapishwa niliuweka chini ya mto nikaulalia, usicheke.

Siku ya kusomwa mara ya kwanza ilipofika, nilimpigia Karimi simu nikamwambia awashe redio. Walijaa kwenye kinu cha kusaga mahindi, na mwenye kinu akakizima ili wasikie. Sasa wewe karani unajua kinachofanyika siku hiyo. Karani wa Bunge anasimama, anasoma jina la mswada, anaketi. Basi. Spika anasema umepelekwa kwenye Kamati ya Ardhi, na shughuli nyingine inafuata. Haikufika hata muda wa kuombea chai. Hakuna aliyejadili, hakuna aliyepiga kura, hakuna lililokubaliwa ila kwamba sasa kazi inaweza kuanza. Lakini kule kinuni walisikia jina la mswada, wakasikia na jina langu, wakapiga vigelegele mpaka mwenye kinu naye akatoka nje kucheza na unga kichwani. Karimi alinisimulia kwa simu huku akilia kwa furaha.

Ijumaa nikaja nyumbani. Walikuwa wananingoja pale njia panda, wakanivisha leso mabegani, leso juu ya leso hata sikuweza kuinua mikono. Wakaimba. Mtu akanipa kipaza sauti cha kanisa. Kendi, nilikuwa mwalimu. Kueleza jambo gumu kwa maneno mepesi ndiyo kazi iliyonilisha. Nilijua vizuri kabisa kwamba kilichosomwa ni jina tu. Ningeweza kusema, "Jamani, bado. Huu ndio mwanzo." Lakini nilitazama zile nyuso, na ziling'aa kwa ajili yangu, nikashindwa kuzizima. Nikasema, "Njia zimefunguka!"

Haya ni maneno yangu, neno kwa neno. Wala sikulewa wala sikusukumwa na mtu. Nilipenda kupendwa, basi.

Jumatatu mimi nikiwa nimesharudi Nairobi, Karimi na wenzake walichukua mapanga wakateremka wakikata ua wa M'Rukunga, wakiimba, kutoka barabarani hadi majini. Mzee alitoka akiwa na kikombe mkononi. Karimi akamwambia kwa adabu kabisa, "Mzee, tusikosane. Ni sheria. Mheshimiwa ametuambia." Yule mzee aliweka kikombe chini, akavaa koti, akaenda kituo cha polisi.

Walishtakiwa kwa kuharibu mali. Kortini hakimu akamuuliza Karimi ni sheria gani iliyomruhusu, naye akajibu kwamba ilisomwa kwenye redio. Watu wakacheka. Waliokuwepo waliniambia kwamba Karimi hakuinamisha kichwa. Aligeuka akaangalia benchi baada ya benchi, akimtafuta mtu wa kusimama na kusema, "Ni mimi niliyewaambia." Mtu huyo alikuwa Nairobi, amezima simu.

Wakahukumiwa kufagia uwanja wa ofisi ya chifu, mbele ya kila anayepita kwenda sokoni. Kanisani Karimi akaondolewa kuongoza kwaya ya akina mama, ati aliyehukumiwa hawezi kushika kitabu mbele. M'Rukunga naye hakupanda kaiyaba tena. Alijenga ukuta wa mawe. Akina mama wakarudi kuzunguka darajani, na mvua zilipoanza Karimi akateleza na mtungi mgongoni, mguu ukavunjika mahali pabaya. Uliunganishwa ukaunganika vibaya. Hospitalini sikwenda. Nilimtuma dereva na sukari na mkate, na dereva akarudi navyo vyote, Karimi hajafungua hata mfuko.

Na kamati? Hapa ndipo nimekudanganya miaka yote, kwa hiyo nisikilize. Kamati iliniita nieleze mswada wangu. Nilikwenda nimevaa suti mpya. Mwenyekiti, mzee mpole tu, akaniuliza, "Mheshimiwa, mwenye shamba akiibiwa na mtu aliyepitia njia hiyo, mswada wako unamsaidiaje?" Lilikuwa swali zuri. Mimi nikaliona tusi. Nilimwambia anatumwa na matajiri wa ardhi, nikakusanya karatasi zangu nikatoka, na mlango nikaufunga kwa kishindo ili wasisahau. Loo! Nilijiona shujaa hadi nilipofika kwenye lifti.

Baadaye sana ndipo niliposikia M'Rukunga alifunga njia ile kwa sababu gani. Ndama wake walikuwa wakiibiwa, na wezi waliingilia huko huko mtoni. Mke wake alikuwa amefika mahali haoni usingizi. Mimi nilikuwa jirani yake, mwalimu wa watoto wake, mbunge wake, na sikuwahi kumuuliza. Nilishamwandika kichwani kama mtu mbaya, nikafunga daftari. Laiti ningekaa kwenye kile kiti nikajibu swali la mwenyekiti, pengine mswada ungeongezewa kifungu cha lango, lifunguliwe asubuhi na lifungwe jioni, na mzee angelala na Karimi angepita.

Kulikuwa na karani wa kamati ile, kijana wa rika lako sasa. Alinipigia simu tena na tena. "Mheshimiwa, tumetangaza tunapokea maoni ya wananchi. Leta watu wako. Au mkiandika mtuombe, kamati inaweza kuja huko huko Kanyakine." Nikamjibu wiki ijayo. Wiki ijayo nikamjibu wiki ijayo. Ningeileta vipi kamati Kanyakine, Kendi? Shahidi wangu wa kwanza alikuwa anafagia kwa chifu kwa ajili yangu. Hakuna aliyekwenda, hakuna aliyeandika. Muhula wa Bunge ukaisha, mswada ukaisha nao kama inavyokuwa, na mimi nikashindwa uchaguzi. Kamati haikuua kitu. Ilingoja mama mtu, naye hakuja.

Ndipo tukahamia Embu, kile kinyumba cha kupanga mtaa wa Dallas. Nilikwambia ni kwa sababu ya shule yako, na kweli shule ilikuwa nzuri. Lakini ungekuwa na mama jasiri ungesoma Kanyakine. Kila Krismasi uliniuliza kwa nini hatuendi kwa nyanya, nami nikawa na sababu mpya kila mwaka. Nilikuwa siwezi kupita mbele ya ule ukuta wa mawe. Tulirudi kwa kuwa nyanya yako aliugua, na hata baada ya kurudi nilikuwa nikienda kanisani mapema nikae mbele, ili nisimwone Karimi akiingia na fimbo yake.

Mwezi huu, mswada uliposomwa tena mara ya kwanza, nilisikia vigelegele kutoka upande wa kinu. Nikavaa viatu vya shamba nikaenda kwa Karimi kwa miguu. Nilimkuta uani anapukuchua maharagwe.

"Mheshimiwa, karibu," akasema. Hakuwa akinitania. Tangu siku ya kortini hajaniita kwa jina lako.

Nilibaki nimesimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamwambia, "Karimi, nimekuja kwa sababu ya hiyo redio. Leo limesomwa jina tu. Ni kama padri anapotangaza ndoa Jumapili ya kwanza. Anataja majina, na mwenye pingamizi anaambiwa aende akaseme. Hakuna ndoa hapo bado. Na hata ule mswada wangu ulikuwa hivyo hivyo, na mimi nilijua, nikawaambia mmeshaolewa."

Alipukuchua ganda moja, akapukuchua lingine. "Sasa ndio unasema?" akaniuliza. "Na mimi nilikuwa nimeshavaa gauni!"

Akacheka. Nilidhani ni msamaha nikaanza kucheka naye, kumbe alikuwa analia, na mimi nikalia pia, nikaketi pale chini kwenye maganda. Nikamwambia nisamehe. Akasema hilo ataliangalia, nisimharakishe, nina tabia ya kuharakisha watu. Nikamwambia kamati itapokea maoni. Akasema atakwenda Nairobi, na fimbo yake, akaseme mwenyewe. "Na M'Rukunga aje pia. Aseme juu ya ndama wake mbele yangu, na mimi niseme juu ya mguu wangu mbele yake. Tumechoka kupitana kanisani kama vivuli." Mzee sasa amedhoofika, macho yamekwisha, lakini nilimwendea, na mwanawe amesema atamleta.

Hayo ndiyo yanayokuja kwako, mwanangu. Ndiyo maana niliposikia "nitaisukuma" nikakimbilia maziwa yasiyokuwepo.

Usiusukume. Wewe si mbunge, na mimi niliyekuwa mbunge nimekwambia nilikousukumia. Siku ya kwanza, kabla hujajua hata choo kiko wapi, mwendee mkubwa wako umwambie, "Mswada huu uliwahi kuwa wa mama yangu." Akiona ni vyema upewe kazi nyingine, kubali bila kununa. Wanaoupinga wakijua baadaye kwamba karani ni binti yangu na alinyamaza, hapo ndipo mswada utakapokufa kweli, na safari hii kwa mkono wako. Itakuuma, najua. Uma midomo uende.

Wakikuacha kwenye mswada huo, basi fanya ile kazi ambayo yule kijana alijaribu kunifanyia mimi. Wapigie watu simu. Waambie ukweli juu ya mahali mswada ulipo, hata kama sauti zao zitashuka. Watafutie mtu wa kutafsiri Kimeru, kwa maana Karimi akiongea Kiswahili anakuwa mpole kupita kiasi, na Karimi si mpole. Akisema "niliaibishwa," usiandike "alikabiliwa na changamoto." Andika aliaibishwa. Na M'Rukunga akisema aliogopa, hilo nalo uliandike kwa wino ule ule.

Halafu acha wajumbe waamue. Wakiubadilisha, na waubadilishe. Mswada ukianguka baada ya wote kusikilizwa, nitalia sana, baba yako atanipikia chai mbaya, na maisha yataendelea. Ninachoogopa ni uanguke tena bila Karimi kupewa kiti.

Nami nitakuja. Nitapanda gari moja nao, nimbebee Karimi mkoba. Aliniwekea sharti moja tu, nalo lilinichoma kuliko yote aliyowahi kuniambia. Alisema, "Nitakwenda, lakini sitaki kusemewa. Mara ya mwisho uliponisemea, nilifagia." Nikaapa nitakaa nyuma na kufunga mdomo.

Lakini unanijua, Kendi. Unajua mama yako akisikia jambo likielezwa polepole hukaa juu ya miiba. Nitamwona anatafuta neno, nitajua neno lenyewe, mkono wangu utainuka kabla sijaukataza. Kwa hiyo hili ndilo ombi langu, na sina lingine: siku hiyo usiniite Mum, na nikiinua mkono Karimi akiwa bado anasema, mnong'oneze mwenyekiti asinione.

Nenda salama, mwanangu. Mungu atembee nawe mbele na nyuma.

Ni mimi, mama yako, ninayekuja sasa hivi kukalia hilo sanduku.